UZI: Si kila maziwa yaliyoganda yana kimeng'enya kile kile (kwa wote wanaosumbuliwa na maziwa)

BintiMaziwa #1

Habari zenu wanajukwaa.

Uzi huu nimekuwa nao kichwani kwa muda mrefu na chanzo chake ni mama yangu. Mama amekulia zizini. Kwao asubuhi ilikuwa haijaanza mpaka maziwa yapite mezani. Alipofika miaka hamsini na kitu, kila akinywa maziwa tumbo linamjaa, linaunguruma, baada ya saa mbili anakimbilia chooni. Akaenda zahanati, akaambiwa "mama una aleji ya maziwa, acha kila kitu chenye maziwa, na mtindi pia." Akatii. Miaka mitatu hakugusa. Nilikuwa chuo wakati huo nasomea mambo ya chakula, na siku tuliyofundishwa habari za bakteria wa maziwa nilitoka darasani nikampigia simu palepale kwenye ngazi.

Mama hakuwa na aleji. Aleji ya maziwa ni kinga ya mwili kuipigania protini ya maziwa. Mtu anaweza kuvimba midomo, kutoka vipele, kubanwa pumzi. Huyo kweli aache. Tatizo la mama ni sukari.

Sukari ya maziwa inaitwa laktosi. Ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi. Glasi ya robo lita ya maziwa ya ng'ombe ina laktosi gramu 12 hivi. Utumbo mwembamba hauwezi kuifyonza ikiwa bado imeshikana, lazima ikatwe kwanza, na kisu cha kuikatia ni kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachokaa kwenye ukuta wa utumbo wenyewe. Mtoto mchanga anacho tele. Baada ya kuachishwa ziwa, kwa watu wazima karibu theluthi mbili duniani, kinapungua taratibu. Laktosi isiyokatwa inateremka hadi utumbo mpana, inavuta maji njiani, na huko chini inakutana na bakteria wanaoishangilia. Wanaila wanatoa gesi, hidrojeni ikiwemo. Ndiyo maana hospitali zenye kifaa hupima kwa kukupulizisha pumzi: hidrojeni inapitia kwenye damu mpaka kwenye mapafu.

Sasa hapa ndipo penye utamu wake. Kama ukuta wako umepungukiwa kisu, unaweza kuazima. Bakteria wawili wanaotengeneza yogati, *Streptococcus thermophilus* na *Lactobacillus bulgaricus*, wana kisu chao wenyewe kinachoitwa beta-galaktosidasi. Kinakata laktosi palepale ambapo laktasi yetu inakata.

Wengi tunadhani yogati haisumbui kwa sababu bakteria wameshaila sukari yote kikombeni. Sivyo. Yogati ikishaganda bado ina sehemu kubwa ya laktosi yake. Iliyoliwa ni robo hivi. Kazi kubwa inafanyika ndani ya tumbo lako wewe. Mwaka 1984 kundi la Kolars, Levitt na Savaiano kule Marekani walichukua watu kumi wasioweza laktosi, wakawapa gramu 18 za laktosi, siku moja ndani ya maziwa, siku nyingine ndani ya yogati. Hidrojeni kwenye pumzi ya siku ya yogati ilikuwa kama theluthi moja tu ya ile ya maziwa. Wakachota na majimaji ya utumbo mwembamba, wakakuta kimeng'enya cha bakteria kinafanya kazi humo.

Mama nilimwanzishia vijiko vitatu vya yogati jioni. Leo anakunywa kikombe kizima.

Lakini kuna jambo ambalo watu wa afya na hata sisi tunaouza maziwa tunalipitia juu juu: hayo niliyoyasema ni ya YOGATI yenye hao bakteria wawili wakiwa HAI. Ukinieleza kwamba mtindi wa kibuyu, mtindi wa dukani wa pakiti na yogati ni kitu kimoja kwa sababu vyote vimeganda, nitakukatalia. Nitaeleza kwa nini, acha kwanza nione kama kuna watu humu.

Kipepeo wa Lushoto #2

Tupo. Endelea dada.

Olpayian #3

Mimi ni Mmaasai wa Longido, nina miaka 41, nakunywa maziwa freshi lita nzima kwa siku na sijawahi kuharisha. Hizi habari za theluthi mbili ya dunia zinatuhusu sisi kweli? Nauliza kwa heshima.

BintiMaziwa #4

@Olpayian swali zuri sana kaka, na jibu lake ni la fahari. Nyinyi mna kisu chenu hakikuzimwa. Jeni ya laktasi iko kwenye kromosomu ya 2, na karibu yake kuna sehemu inayofanya kazi kama swichi. Kwa watu wengi swichi inazimwa utotoni. Kwa baadhi kuna badiliko dogo, herufi moja tu ya kinasaba, linaloiacha ikiwaka maisha yote.

Wazungu wana badiliko lao. Kwa muda mrefu ikadhaniwa ndilo hilo tu. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta wafugaji wa kwetu wana mabadiliko mengine kabisa, yaliyozuka yenyewe huku huku. Moja linaitwa C-14010, ndilo lililoenea Tanzania na Kenya, na umri wake unakadiriwa kati ya miaka 3,000 na 7,000. Yaani ng'ombe walipofika, waliokuwa na swichi ya kuwaka waliishi vizuri zaidi na wakazaa zaidi, huku na Ulaya, kila mahali kwa njia yake.

Mama yangu ni wa mlimani, na kuwa mfugaji hakumaanishi lazima una hilo badiliko. Ndiyo maana nyumba moja mnaweza kukuta mmoja anakunywa lita na mwingine anashikwa na glasi.

Olpayian #5

Asante. Ila hata sisi maziwa mengi tunayagandisha. Bibi yangu alikuwa anachoma kijiti cha oloirien, anasugua kibuyu kwa ndani mpaka kinakuwa cheusi, kisha anatia maziwa. Tunaita kule naoto.

BintiMaziwa #6

Kule naoto imechunguzwa. Mathara, mtafiti wa Kenya, na wenzake walichapisha mwaka 2004: waliotawala humo ni jamii ya Lactobacillus, hasa *plantarum*, wakifuatiwa na *fermentum* na wengine. Mkaa wa oloirien, yaani mzeituni mwitu, unasaidia kusafisha kibuyu na unatoa ile harufu. Kumbuka hilo jina *plantarum*, nitalirudia kwenye maharage.

mwl_Sikudhani #7

Naomba kuuliza jambo la msingi. Hicho kimeng'enya ni protini. Tumboni kuna asidi kali inayoyeyusha mpaka nyama. Kinafikaje utumbo mwembamba kikiwa kizima? Nafundisha Baiolojia kidato cha tatu, wanafunzi wangu wangeniuliza hilo hilo.

BintiMaziwa #8

Mwalimu, umegusa penyewe.

Hakisafiri uchi. Kimo ndani ya bakteria, na bakteria ana ukuta mnene. Zaidi ya hapo yogati yenyewe ni nzito na inaipunguza makali asidi ya tumbo, kwa hiyo wengi wanavuka. Ndani ya kikombe cha yogati kimeng'enya kimelala, maana uchachu wa pH 4.5 au pungufu haukifai. Kikifika utumbo mwembamba mambo mawili yanatokea pamoja. Uchachu unapungua, pH inapanda kuelekea 6 na 7, ndiko kinakokata vizuri. Na nyongo inamwagika. Nyongo inatoboa ngozi ya bakteria, inakuwa kama chujio, laktosi inaingia na kukutana na kisu. Bakteria anakufa, lakini kufa kwake hapo ndiko kunakokusaidia wewe.

Kwa hiyo hawa wa yogati hawahamii tumboni. Wanapita tu. Ukitaka msaada wao inabidi wawemo kwenye kile unachokunywa siku hiyo.

Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilikubali kwamba bakteria hai wa yogati wanasaidia kumeng'enya laktosi, kwa sharti: wasipungue milioni 100 kwa kila gramu moja. Mamlaka hiyo imekataa madai mengi sana ya bakteria wa tumbo. Hili ililipitisha.

mwl_Sikudhani #9

Shukrani sana. "Hakisafiri uchi" naichukua darasani Jumatatu.

Mzee wa Duka la Kona #10

Mimi nauza maziwa ya pakiti. Kuna yogati inakaa rafuni miezi mingi bila friji. Nayo ina hao bakteria?

BintiMaziwa #11

Mzee wangu, soma pakiti. Kama imepashwa moto baada ya kuganda ili ikae muda mrefu, bakteria wamekufa na kimeng'enya kimeharibiwa na joto. Ladha ipo, protini ipo, kalsiamu ipo, kisu hakipo. Savaiano na wenzake walilipima hilo nalo mwaka 1984: yogati iliyopashwa moto, watu walishindwa kumeng'enya laktosi yake karibu sawa na maziwa. Ila niseme ukweli wote, watu hao hawakuumwa tumbo sana kama walivyoumwa na maziwa. Uzito wa yogati unaifanya iteremke polepole kutoka tumboni, na sukari ikifika kidogo kidogo tumbo linavumilia.

Ndiyo maana na wale wanaopika mchuzi wa mtindi, mchuzi mtamu, lakini usiutegemee kwa kazi hii.

Kipepeo wa Lushoto #12

Dada ulisema utaeleza mtindi na yogati. Tunasubiri.

BintiMaziwa #13

Haya.

Mwaka wa mwisho chuoni nilichukua sampuli sita za maziwa yaliyoganda, nyingine za vibuyu, nyingine za akina mama wanaouza mtindi sokoni kwenye ndoo, moja ya yogati. Nikatenga bakteria, nikawaotesha. Kisha kipimo: unachukua seli, unatia tone la tolueni ili kutoboa ngozi zao, unatia kemikali inayoitwa ONPG. Haina rangi. Kukiwa na beta-galaktosidasi, inakatwa na maji yanageuka njano.

Naikumbuka asubuhi ile. Mirija ipo kwenye maji ya nyuzi 37, mimi nimeshika saa. Wa yogati, haikuisha dakika tano, njano ya kiini cha yai. Mrija wa bakteria mmoja wa kibuyu, njano ya mbali, kama chai ya rangi iliyozimuliwa mno. Na mirija miwili ya mtindi wa sokoni, maji meupe. Dakika kumi, meupe. Nusu saa, meupe. Nikajua nimekosea kipimo. Nikarudia. Meupe.

Na hao hao bakteria, ukiwatia kwenye maziwa yaliyochemshwa, kesho yake asubuhi yameganda vizuri kabisa. Sasa kama hawana kisu, wanaila vipi laktosi?

Msimamizi wangu hakunijibu. Alinipa karatasi nisome.

Kumbe kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni ya hawa wa yogati. *S. thermophilus* ana mlango kwenye ngozi yake, laktosi inaingia nzima kama ilivyo, inakatwa ndani na beta-galaktosidasi. Anakula glukosi. Galaktosi kwa kawaida haitaki, anaitoa nje kupitia mlango ule ule: laktosi moja inaingia, galaktosi moja inatoka. Ndiyo maana yogati ina galaktosi imezagaa humo.

Njia ya pili ni ya *Lactococcus lactis*, bakteria anayetawala kwenye mtindi mwingi unaoganda kwa joto la kawaida la chumba. Yeye laktosi ikivuka mlangoni anaigonga muhuri wa fosfeti papo hapo. Laktosi yenye muhuri inakatwa na kimeng'enya kingine, fosfo-beta-galaktosidasi. Hicho hakiigusi laktosi isiyo na muhuri. ONPG yangu haikuwa na muhuri, na seli nilishazitoboa kwa hiyo hakuna wa kuugonga. Maji yakabaki meupe.

Sasa rudini kwenye maelezo ya nyongo niliyompa Mwalimu. Nyongo inafanya kama ilivyofanya tolueni yangu. *Lactococcus* akitobolewa, mashine yake ya kugonga muhuri inasimama, na kisu chake hakina cha kukata. Laktosi inapita kando yake mpaka utumbo mpana. Utafiti ule wa Savaiano wa 1984, wa yogati iliyopashwa moto, ulijaribu na maziwa yaliyochachushwa kwa bakteria wasio wa yogati, na hayakuwasaidia watu kama yogati ilivyowasaidia.

Hiki ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo. Uchachu wa maziwa haukuambii chochote kuhusu kisu kilichomo.

Nassoro_Tanga #14

Hapa nimesoma mara mbili. Kwa hiyo mtindi wa kienyeji haufai? Mbona mimi mtindi wa kienyeji haunisumbui na maziwa yananisumbua?

BintiMaziwa #15

Hapana kaka, sijasema haufai. Zipo sababu kadhaa za wewe kuuvumilia. Sehemu ya laktosi imeshaliwa, hasa ukiwa umekaa siku mbili tatu na kuwa mkali. Ni mzito, unateremka taratibu. Na mtindi wa kienyeji ni mchanganyiko, hakuna anayejua kwenye kibuyu chako kuna Lactobacillus wangapi wenye beta-galaktosidasi. Na watu wengi wasioweza laktosi wanavumilia hadi gramu 12 kwa mkupuo bila shida kubwa.

Ninachosema ni kwamba mtu kama mama yangu, ambaye hata kikombe kimoja cha maziwa kinamwangusha, usimtibu kwa kubahatisha. Mpe yogati hai.

Garissa Gal #16

Sisi huku tunakunywa suusac, maziwa ya ngamia yaliyoganda. Je, huko kuna bakteria gani?

BintiMaziwa #17

Nimefurahi umeuliza. Kwenye suusac ya Kenya na Somalia watafiti, akiwemo Christoph Jans, walikuta anayetawala mara nyingi ni *Streptococcus infantarius*. Cha ajabu, aina hiyo ya Afrika ina jeni za laktosi zinazofanana na za *S. thermophilus*, mlango na beta-galaktosidasi pamoja, njia ile ile ya kwanza. Yaani maziwa yamewafundisha bakteria wawili tofauti jambo moja, mmoja kwenye maziwa ya ng'ombe mmoja kwenye ya ngamia.

Ila hapa niwe mkweli kwako: ukoo wake una ndugu wanaohusishwa na magonjwa ya binadamu, kwa hiyo wanasayansi bado hawapendekezi auzwe kama mbegu ya kugandishia. Chemsheni maziwa kwanza kabla ya kugandisha. Brusela, ugonjwa wa maziwa mabichi, haina mzaha.

Kampala Mswahili #18

Nami niongezee kutoka Uganda. Huku kuna mbegu ya Yoba, kipakiti cha gramu moja kinagandisha hadi lita 100. Akina mama wengi wanaitumia. Ina bakteria wawili, *L. rhamnosus* na *S. thermophilus*. Nilikuwa najiuliza kwa nini wawili na siyo yule mmoja maarufu.

BintiMaziwa #19

Kaka umenileta kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote.

Huyo *rhamnosus* ni yule yule anayejulikana kama GG, herufi za majina ya Gorbach na Goldin waliomtenga kutoka kwa binadamu miaka ya 1980. Ni kati ya bakteria waliochunguzwa sana kwa kuharisha kwa watoto. Lakini ukimtia peke yake kwenye maziwa, hayagandi. Jeni zake za laktosi zipo, ila zimeharibika, kama ufunguo uliovunjika meno. Hawezi kuila.

Remco Kort na wenzake wa Yoba wakamwekea mwenza. *S. thermophilus* anakata laktosi na protini ya maziwa, *rhamnosus* anaokota anachoachiwa. Maziwa yanaganda, na wote wawili wanaongezeka. Mwenye kisu anamlisha asiye nacho, ndani ya sufuria ya mama wa Mbarara.

Mwanza nako kuna historia ya aina hiyo. Kuanzia 2004 Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, walianza na vikundi vya akina mama jiko la yogati ya *rhamnosus* mwingine, GR-1. 

Mama Twins #20

Samahani naingiza la watoto. Wanangu wana miezi minne, wananyonya. Niwape yogati ili wapate hao bakteria?

BintiMaziwa #21

Hapana dada yangu, tafadhali. Mpaka miezi sita ziwa la mama peke yake. Kisu cha laktosi wanacho chao wenyewe tele, na maziwa yako yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, gramu 7 hivi kwa kila mililita 100.

Na sikiliza hili. Maziwa yako yana sukari nyingine ndefu ndefu, aina zaidi ya mia moja, ambazo mtoto HAWEZI kuzimeng'enya kabisa. Ukiondoa laktosi na mafuta, ndizo nyingi kuliko kitu kingine chochote kigumu humo. Unatengeneza chakula ambacho mwanao hali! Anayekila ni Bifidobacterium, hasa *infantis*. Siyo ndugu wa damu wa Lactobacillus, lakini naye anatoa asidi ya laktiki pamoja na ya siki. Kinasaba chake kiliposomwa mwaka 2008 na kundi la David Mills wa California kilionyesha rundo zima la jeni zimepangwa pamoja kwa kazi hiyo, vimeng'enya vya kukata kila kiungo cha zile sukari. Henri Tissier alishaona bakteria wa jamii hiyo kwenye kinyesi cha watoto wachanga kule Pasteur, Paris, mwaka 1899. Ilichukua zaidi ya karne kujua wanakula nini.

Wakiharisha wapeleke kituo cha afya, usisubiri ushauri wa jukwaani.

Mama Twins #22

Nimeelewa, asante sana. Nimesoma huku wananyonya, nimejisikia vizuri.

Chipsi Maharage #23

Uliahidi maharage.

BintiMaziwa #24

Nimeahidi, naleta.

Maharage, kunde, soya vina sukari zinazoitwa rafinosi na stakiosi. Zimeshikana kwa kiungo cha alfa. Beta-galaktosidasi haiukati, na binadamu yeyote, Mmaasai au Mzungu, hana kimeng'enya chake. Zinafika chini nzima, bakteria wanazichachusha, na matokeo mnayajua wote mliowahi kulala bweni.

*Lactobacillus plantarum*, *fermentum* na *reuteri* wengi wana alfa-galaktosidasi, kisu cha kiungo hicho. Wakichachusha maziwa ya soya au unga wa kunde kabla haujapikwa, wanazipunguza sana. Kwa maharage ya kawaida ya nyumbani, loweka usiku kucha na umwage yale maji, sukari nyingi inaondoka nayo.

*Plantarum* ni bakteria wa kila mahali. Kinasaba chake kiliposomwa 2003 walikuta eneo kubwa limejaa jeni za sukari za kila namna, kama fundi mwenye sanduku la bisibisi za kila saizi. Ndiyo maana unamkuta kwenye kibuyu cha maziwa, kwenye mboga zilizochacha na kwenye togwa.

Mngoni wa Peramiho #25

Togwa! Hatimaye tumefika nyumbani. Togwa ya kwetu tunatia kimea cha ulezi, uji mzito unageuka mwepesi mbele ya macho yako.

BintiMaziwa #26

Hicho unachokiona ni kimeng'enya kikifanya kazi mbele ya macho. Kimea kina amilasi inayokata wanga, ndiyo maana uji unalainika na kuwa mtamu. Bakteria wanapokea sukari iliyokatwa na kuigeuza asidi. Mugula wa Sokoine na wenzake walitenga *plantarum*, *fermentum*, *brevis* na Pediococcus kwenye togwa. Na Kingamkono na wenzake walichapisha mwaka 1999 kwamba watoto wa Tanzania waliopewa uji uliochachushwa namna hiyo walikutwa na vimelea vya kuharisha vichache kwenye kinyesi kuliko wenzao. Tunayo hazina, tunaiita chakula cha bibi.

dr_mtaani #27

Mimi nauza vidonge vya probiotiki, yaani bakteria hai wa tumbo. Vina Lactobacillus bilioni 10. Si bora zaidi ya yogati?

BintiMaziwa #28

Inategemea Lactobacillus yupi, kaka. Kama ni GG peke yake, kwa laktosi hana msaada, tumeshaona ufunguo wake. Jina la jumla halitoshi, hasa tangu 2020 ambapo ukoo wa Lactobacillus uligawanywa kuwa makundi 25 na *plantarum* akaitwa *Lactiplantibacillus*. Kama mteja wako shida yake ni maziwa, vipo vidonge vya laktasi yenyewe, humezwa pamoja na tonge la kwanza. Na yogati hai ni bei ya chini kuliko chupa yako, nisamehe kwa kusema hivyo.

Kipepeo wa Lushoto #29

Tupe namna ya kutengeneza.

BintiMaziwa #30

Lita moja ya maziwa, yachemshe yapande kabisa, yaache motoni dakika kama kumi ukikoroga. Yapoze hadi kidole kisafi kinavumilia kuhesabu kumi, hiyo ni kama nyuzi 43. Tia vijiko viwili vya yogati isiyo na sukari iliyoandikwa kwamba ina bakteria hai, koroga, funika, funga sufuria kwenye blanketi au iweke kwenye hotpoti. Saa tano sita, usiifunue. Ikishika, weka kwenye baridi.

Ule uvuguvugu ni wa maana sana. Wa yogati wanapenda joto. Ukiiacha ipoe haraka, *Lactococcus* na wenzake watakuwahi, utapata mtindi mzuri wenye kisu kingine.

Nassoro_Tanga #31

Narudi baada ya siku tisa. Nilijaribu kwa kufuata maelezo. Jumamosi asubuhi tumbo tupu, maziwa nusu lita: saa moja na nusu baadaye niko chooni, na tumbo lilinguruma mpaka mke wangu akasikia. Jumanne asubuhi, yogati niliyogandisha mwenyewe, nusu lita ile ile. Gesi kidogo mchana. Basi. Ijumaa nikachukua ya kibuyu ya jirani, katikati ya hizo mbili, tumbo liliuma ila sikukimbia.

BintiMaziwa #32

Kaka Nassoro, umenifanya nisimame jikoni nikamsomee mama ujumbe wako. Anakusalimu sana, anasema nusu lita kwa tumbo tupu ulijitesa.

Kama utakuwa tayari, rudia mara moja: gawa sufuria moja ya yogati mafungu mawili, fungu moja lipashe moto mpaka litoe mvuke, lipoze, ule siku moja. Lingine ule bichi siku nyingine. Robo lita tu kila mara, na siku mbili tatu katikati. Usijiambie ni fungu lipi, mke wako ndiye aandike.

Nassoro_Tanga #33

Amekubali. Ameshaandika kwenye vifuniko kwa ndani. Naanza kesho.